Leso Juu ya Namba Kumi na Saba

…itifaki imezingatiwa, amesema tena, hii ni mara ya tatu, na mtu akizingatia itifaki mara tatu kabla ya kusema lolote ujue hana la kusema, lakini atalisema, nusu saa nzima atalisema, na Ireri mshereheshaji amenionyesha kidole kimoja kutoka pale kando ya spika, yaani baada ya Mkurugenzi ni wewe, Daktari, jitayarishe, na karatasi zangu ziko mapajani, mbili, nilizichapa jana kwa ufasaha wangu wote wa chuo kikuu, nyanya ya kwanza ya kituo chetu inayovumilia joto, inayoshika matunda hata jua likifika thelathini na nane, na mbele yangu mezani yupo mwenyewe, mche ndani ya ndoo iliyopakwa rangi ya kijani na kufungwa utepe kama bibi harusi, namba kumi na saba, maua manne ya njano yamefunguka na chini yake nyanya tatu ambazo mtu amezipangusa kwa kitambaa zing'ae, maana siku hizi hata nyanya lazima iende saluni kabla ya kukutana na wakubwa… siku ya kihistoria, amesema, siku ya kihistoria kwa wakulima wa Mbeere, na watu wanapiga makofi, na karibu na nguzo ya hema anayepiga kuliko wote ni Nthiga, viganja vyake kama mbao mbili, Nthiga aliyenidaka asubuhi hata sijafunga mlango wa gari, Daktari! shamba lote nimelima, liko tayari, ndengu mwaka huu sipandi hata punje moja, nikamwambia mzee, hata kidogo ya akiba?, akasema akiba ya nini na wewe uko, mbegu yenyewe ya ndengu tumeipika Jumapili tukala na chapati, mama watoto alinuna lakini akala, akacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa moyo mweupe kwa sababu hiyo ilikuwa kabla ya chai… kila kitu leo kimegawanyika hivyo, kabla ya chai na baada ya chai, na kama ningesema asante mama, nimeshakunywa nyumbani, ningekuwa nimeketi hapa na tabasamu langu na karatasi zangu mbili, nikimsubiri huyu mtu amalize, mwanamke mwenye furaha… lakini nani hukataa chai ya Mama Wamuyu, chai ya sufuria nyeusi nyuma ya stoo, majani yametokota mpaka yamekata tamaa, alinimiminia kwenye kikombe cha bati akasimama hapo, hakuondoka, akawa anavuta pindo la leso yake, ile ya rangi ya chungwa iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki tena, akasema, Daktari, leo ukiongea, na mimi uniseme kidogo, unitaje tu, nikamwambia nitakusema, mama, si wewe umepalilia miaka yote hii, akasema sio kupalilia, kupalilia hata Njura mwenzangu amepalilia, mimi nilikuwa namfunika, nikauliza unamfunika nani, nikiwa bado napuliza chai, nikipuliza kama mjinga, akasema Wamuyu, huyu wa kumi na saba, mkienda kula saa sita, nilikuwa nachovya leso kwa tangi namfunika mpaka mrudi, ningemwacha na hilo jua aje?

Ningemwacha na hilo jua aje, hivyo ndivyo alivyosema, na hakuwa anatubu, hakuwa anaungama, alikuwa anadai shukrani yake kama mfanyakazi yeyote, na mimi nilisimama na kikombe mdomoni nikihesabu misimu, mmoja, miwili, sita, misimu sita ya leso mbichi kuanzia saa sita hadi saa nane, saa zile zile mbili ambazo jaribio lote liliwekwa kwa ajili yake, maana watu hudhani joto huua nyanya, haliui, mche unaweza kusimama hapo kijani kibichi unakucheka, joto linaua vumbi la chavua ndani ya ua, ua linakosa kushika, linakauka kishingo na kudondoka, na ndiyo sababu tulijenga nyumba ya nailoni na kuifunga mlango kila adhuhuri, mistari arobaini ndani yake, aina arobaini za nyanya, tuzichome bila huruma tuone ipi itashika matunda, zinazodondosha maua tunang'oa, iliyobaki ndiyo mbegu, bila huruma, ni neno langu mwenyewe, niliwaambia wafanyakazi siku ya kwanza, hapa hakuna huruma, huruma inaharibu sayansi, walicheka, nilidhani wamenielewa… na kumi na saba ikashika, msimu baada ya msimu ikashika, ndugu zake thelathini na tisa wakimwaga maua kama wagonjwa wanaomwaga nywele, yeye ameketi na vichala vyake, na mimi nikampiga picha, nikaandika ripoti, nikapelekwa kwenye mikutano ya hoteli ambako maji yana vipande vya limau, nikasimama mbele ya kabila zote za watu nikawaonyesha picha ya leso… maana hiyo ndiyo niliyokuwa nawaonyesha, leso, ila haikuonekana kwenye picha kwa sababu saa nane kasoro robo Mama Wamuyu alikuwa anaiondoa, anaikamua, anajifunga kiunoni na kuchukua jembe… na kiini chetu kama sekta, anasema Mkurugenzi, ni ushahidi, ushahidi wa kisayansi, ndiyo bwana, endelea, na jua limeshaingia chini ya ukingo wa hema, limefika kwenye viatu vya mstari wa mbele, viatu vya machifu vinang'aa kwa vumbi na kiwi, na yeye yuko mstari wa tatu, Mama Wamuyu, ameketi wima na leso kichwani, ananitazama, hamtazami Mkurugenzi hata kidogo, anasubiri asemwe.

Na kosa si lake, hilo ndilo linalonikaba, kosa ni langu na nililifanya kwa ulimi kabla ya kulifanya kwa kalamu, wiki yangu ya kwanza kituoni, mimi Makandi kutoka mji wa Maua, daktari mpya, nataka kuonekana mtu wa watu, nasikia wote wanamwita Mama Wamuyu nami nikaruka na swali, na Wamuyu yuko darasa la ngapi?, majembe yakasimama, Njura akakohoa kikohozi kisicho cha kifua, na mama mwenyewe akanijibu kwa upole kama anayemwelekeza mgeni njia, Wamuyu alikufa na ile njaa ya themanini na nne, Daktari, angekuwa rika lako… rika langu, na tangu siku hiyo kila nikiuona uso wangu kwenye kioo cha gari namwona mtu mwingine nyuma ya kiti, mwanamke wa umri wangu ambaye hakuwahi kupewa umri… na badala ya kunyamaza, badala ya kusema pole na kunyamaza kama mtu aliyelelewa, nikataka kurekebisha, wasomi tuna ugonjwa huo, hatuwezi kuacha aibu yetu ikae, nikachukua kijiti cha mstari uliokuwa karibu na mguu wangu, ambao ulikuwa wa kumi na saba, ungeweza kuwa wa kumi na sita, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, WAMUYU, nikamwambia haya basi, mama, huyu sasa ni Wamuyu, umlee, na nikaenda zangu, nikijiona nimefanya jambo zuri… mimi, mimi niliyejua, maana mtu wa chuo kikuu kingine angesema hakujua, mzungu angesema hakujua, lakini mimi nilizaliwa nikapewa jina la mama yake baba, na Mwongera baba yangu hakuwahi kuniinulia mkono hata siku moja, kaka zangu aliwatandika mpaka majirani wa upande wa Kangeta wakasikia, lakini mimi nikimwaga maziwa anasema tu, aai, mama, umeanza tena, maana mtu atampigaje mama yake, na nikiugua alikuwa anakaa mlangoni siku nzima, miraa imekomaa shambani haijachumwa, magari yanaondoka bila mzigo wake, anaambiwa Mwongera una wazimu, anasema mama amelala, sitoki… nililijua hilo kwa ngozi yangu, kwamba kwetu jina halibandikwi, jina linamrudisha mtu, na anayerudi anawekwa kivulini, halafu nikachukua jina la mtoto wa mtu nikalipanda katikati ya jua nililolitengeneza mwenyewe kwa nailoni na kufunga mlango, nikasema umlee, na nikategemea asimlee.

…wadau, amesema wadau mara ngapi sasa, nimepoteza hesabu… na ningeweza kusema sikuonywa lakini nilionywa, mwaka jana Karambu alinipigia simu kutoka shamba letu la pili, lile la chini karibu na mto, Daktari, kumi na saba imemwaga, nikamwambia imemwaga nini, akasema maua, yote, chini pamekuwa manjano tu kama mahindi ya msaada, Karambu huongea hivyo, ni mtu wa mafumbo, na mimi nikamjibu, sikufikiri hata sekunde, nikamjibu kipimajoto chenu ni kibovu, hiyo nyumba imepita arobaini, akasema Daktari kipimajoto ni kipya, nikasema Karambu, kipya kinaweza kuwa kibovu, na kwenye jedwali nikaandika kifaa kibovu, nikaufuta mstari mzima, ukabaki mweupe, msafi, na majaribio mengine yote tulifanyia juu kule, Embu, na kwetu Maua, ambako usiku unalala na blanketi mbili, kule hata mpini wa jembe ukiuchomeka utazaa nyanya… shamba la mto halikuwa na Mama Wamuyu, hiyo ndiyo tofauti, nilikuwa nayo mkononi mwaka mzima nikaiita kipimajoto, na mimi ndiye ninayewacheka watu wa tai na itifaki, mimi ndiye ninayejisifu sipendi unafiki… halafu asubuhi baada ya kusema ningemwacha aje, Mama Wamuyu hakuishia hapo, labda aliuona uso wangu akadhani sijaelewa, akaeleza, mwaka ule wa njaa tulikuwa kwa laini ya mahindi ya njano, hapo hapo Gachoka, tangu alfajiri, mtoto alikuwa na surua, nimemlaza kando, nimemfunika na leso, nikafikiwa saa saba, gunia sina, yule bwana wa kupima anasema mama unapokelea na nini, fanya haraka, watu ni wengi, nikaangalia huku, nikaangalia huku, nikamfunua, nikapokea mahindi na leso… sikukawia, Daktari, ni kama kusema Baba Yetu mara tatu… kisha akaniuliza kama naongeza sukari… surua ndiyo iliyomuua, mama, ningemwambia, si jua, dakika mbili za jua haziwezi, homa ilikuwa imeshamaliza kazi, nilikuwa na hoja zote, nilikuwa nazo mdomoni, za kweli kabisa, na hakuna hata moja ambayo haikuwa imepita kwake katika miaka thelathini, hakuna, nikasema inatosha, mama, sukari inatosha.

Na sasa hivi labda, labda, nimeanza labda zangu tangu nikae kwenye hiki kiti, labda kumi na saba ina uvumilivu wake kidogo hata bila leso, labda ndugu zake wangefunikwa wasingeshika hata hivyo, labda msimu huu mvua itakuja na mawingu, labda naweza kusoma karatasi zangu leo na kurekebisha kesho, kuandika barua, kuomba mwaka mmoja zaidi wa utafiti, hivyo ndivyo hufanywa, hakuna anayesimama kwenye sherehe akavua nguo, Mkurugenzi atanihamisha kwenda kuhesabu viazi mahali fulani, na kwa nini nimfedheheshe mama mbele ya machifu, ameomba asemwe kidogo tu, naweza kumsema kidogo, asante Mama Wamuyu kwa kupalilia, makofi, keti… lakini Nthiga amepika mbegu, hiyo haina labda, punje za ndengu za Nthiga zimeshaliwa na chapati, na ndengu ndiyo iliyowavusha watu hawa kila mwaka, haikuhitaji daktari wala utepe, na mvua ikija atapanda kumi na saba shamba zima, Januari itafunguka maua, itapendeza, atawaita majirani waone, kisha siku nne za jua na chini patakuwa manjano, na mama watoto aliyenuna atasimama ukingoni na zile mbaazi chache alizojipandia mwenyewe, na mimi nitakuwa wapi, nitakuwa hotelini na maji ya limau… nikimwambia Nthiga ukweli namfunua Wamuyu, hiyo ndiyo hesabu, ni ile ile, leso ni moja, iko juu ya mtoto na mahindi yanasubiri, na yule bwana anasema mama fanya haraka watu ni wengi, na safari hii anayeshikilia pindo ni mimi… nikisema maneno hayo, jamani hii nyanya haivumilii joto, mwanamke mmoja ndiye aliyelivumilia, alisimama ndani ya nailoni saa sita mchana misimu sita, tukienda kula, atasikia nini yeye pale mstari wa tatu, atasikia kwamba ametajwa au atasikia kwamba mtoto wake ni wa kung'olewa, maana ndivyo tunavyofanya, zinazodondosha tunang'oa, niliwaambia mwenyewe, bila huruma.

Kwa nini shingo yangu inaungua… nimeketi upande, nimepinda kama mtu mwenye kibiongo mgongoni, na jua liko juu ya bega langu lote la kushoto, na kiti hiki hakikuwa hapa, kilikuwa kule karibu na chifu, nimekisogeza lini, nimekisogeza kidogo kidogo kwa kisigino hotuba yote hii bila kujua, na kivuli changu kimelala juu ya ndoo, nadhifu kabisa, kichwa changu juu ya maua manne, mabega juu ya majani, ukingo wa kivuli unafuata jua na mimi nafuata ukingo… daktari wa kuchoma bila huruma, angalia, namfunika… nusu saa namfunika mbele ya watu wote hawa na hakuna aliyeona, ila mmoja, ndiyo sababu ananitazama hivyo, hasubiri kusemwa tu, ameniona, uso wake umelainika kama wa mama mkwe anayemwona mke wa mwanawe akibeba mtoto vizuri, na midomo yake inasogea, naweza kuisoma kutoka hapa, ni maneno mawili tu, mwana wakwa, mtoto wangu, na sijui anamwambia nani kati yetu, mimi au ndoo au yule wa nyuma ya kiti… siwezi kumwambia kwa kipaza sauti, hilo nimelijua sasa, si kwa kipaza sauti kwanza, nitashuka pale mstari wa tatu nichuchumae nimwambie yeye kwanza, mama, leso yako ndiyo iliyofanya kazi, nimekuja kuomba ruhusa nimfunue, kuna mtu mwenye shamba pale, halafu ndiyo nirudi niseme kwa wote, Ireri acha ashangae, halafu nimtafute Nthiga, nimwambie mzee, wiki ya mvua haijafika, nenda kwa jirani omba mbegu ya ndengu, omba hata kwa aibu, na karatasi hizi… zimeteleza kutoka mapajani nimezikalia, sawa, zikae hapo.

Kwanza kiti. Kisigino, hivi, na tena hivi, jua linateremka kwenye bega langu, linapita, linaanguka juu ya ua la kwanza, la pili, yote manne, njano inawaka mpaka macho yanauma, sijawahi kuitazama hivi, siku zote nilikuwa nimekwenda kula… na mstari wa tatu mkono wa Mama Wamuyu umeshapanda kichwani, umeshika fundo la leso, amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake, ananiuliza kwa nyusi, ananiuliza kwa mwili wote, nije?, na mimi natikisa kichwa, kidogo tu, hapana, mama, keti, ninakuja mimi, na vidole vyake vimebaki pale pale kwenye fundo, havifungui, haviachi, na Mkurugenzi anasema kwa kumalizia, anasema kabla sijamkaribisha Daktari, itifaki ikiwa imezingatiwa…